Jino Likinyamaza Ghafla: Maswali na Majibu Kuhusu Jipu la Jino

Nitajuaje kuwa jino limeingia usaha?

Jino lililotoboka kidogo huuma ukinywa maji baridi au ukila halua, kisha hutulia. Lenye usaha huuma lenyewe, kwa mapigo, na ukilala ndio huzidi. Ukilitafunia unaruka. Ufizi huota kijipu, mdomo hunuka, shavu huvimba, na wengine hushikwa na homa.

Liliniuma wiki nzima, leo limenyamaza. Si limepona?

Mara nyingi limekufa. Ndani ya jino mna kiini chenye neva na mishipa ya damu. Vijidudu vikishakiua, maumivu hukatika, lakini vyenyewe hushuka hadi ncha ya mzizi na kufanya usaha ndani ya mfupa wa taya.

Nilinunua amoksilini duka la dawa hapa Kongowea, Mombasa, uvimbe ukashuka. Bado niende kwa daktari?

Nenda. Hapa ndipo wengi hunasa. Dawa unayomeza husafiri kwa damu, na jino lililokufa ndani halipitiwi na damu tena. Kwa hivyo dawa hutuliza kilichosambaa nje, ila vijidudu vya ndani ya mzizi hubaki palepale, na baada ya wiki au miezi shavu huvimba upya. Ndiyo maana daktari akikuta usaha haujatoka eneo la jino, na huna homa, anaweza kulifungua bila kukuandikia antibiotiki yoyote. Usimwone bahili. Wa kulaumiwa ni yule anayekuuzia vidonge vinne kwa sababu ndizo pesa ulizo nazo.

Atanifanya nini?

Atapiga picha ya jino, atie ganzi, autoe usaha kwa kulitoboa jino au kupasua ufizi kidogo. Kisha ama asafishe mzizi na kuuziba, jino libaki, ama aling'oe. Kusafisha mzizi ni ghali zaidi na huenda ukarudi mara kadhaa. Gego ambalo bado lina kuta nzima linastahili gharama hiyo. Lakini kama pesa haipo, kung'oa ni tiba halali, wala si aibu.

Husemwa jino likivimba haling'olewi, na la juu huharibu jicho.

Neva ya kuona haipiti kwenye meno. Usaha wa jino la juu ulioachwa ndio unaoweza kupanda kuelekea jichoni. Kuhusu uvimbe, ni kweli kwamba ganzi hufanya kazi kwa shida penye usaha, hivyo daktari huichoma mbali kidogo au huanza kwa kutoa usaha. Uamuzi ni wake. Wewe usikae nyumbani ukingoja ushuke.

Na karafuu?

Mafuta yake hutia ganzi kwa muda, hayatibu. Sukutua kwa maji ya vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe, na umeze parasitamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Aspirini usiibandike kwenye ufizi, huuunguza. Shavu usilikande kwa kitambaa cha moto. Na mwenzangu wa muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, ile peremende unayotafunia inalisha vijidudu jioni nzima.

Lini ni dharura?

Mdomo ukikataa kufunguka, mate yakikushinda kumeza, ulimi ukiinuliwa na uvimbe wa chini yake, sauti ikibadilika, uvimbe ukishuka shingoni au ukifunga jicho. Uvimbe wa aina hiyo unaweza kuziba njia ya pumzi. Duka la dawa si mahali pake tena: nenda hospitali yenye kitengo cha dharura, kama ile ya Rufaa ya Pwani, usiku huohuo. Aliye Likoni asiifanye feri kuwa sababu ya kungoja kuche. Mwenye kisukari asisubiri dalili zote hizi. Kwake shavu kuvimba pamoja na homa kunatosha.