Kima punju hana sumu

Vijiji vya kusini Unguja vimesikia tangu enzi za mababu kwamba kima punju ana sumu: mti anaoulia hukauka, na mbwa akila nyama yake hupukutika manyoya. Si kweli.

Kima huyu mwekundu hula majani machanga, vichipukizi na matunda mabichi. Yenye sumu hasa ni baadhi ya majani anayoyala, kama ya miti ya mwembe na mkungu. Ndiyo maana utamwona katika msitu wa Jozani, Unguja, akiokota kipande cha mkaa kwenye tanuu la zamani na kukitafuna, kwani mkaa hunasa zile kemikali tumboni. Mnyama anayejitafutia dawa hivi ndiye tuliyemwita mchawi wa mashamba!

Na minazi? Ni kweli hula vidaka, yaani nazi changa, na mkulima ana haki ya kulalamika. Lakini mnazi wenyewe hupukutisha vidaka vingi usivyoweza kuvikuza. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 haukuona mavuno ya nazi yakipungua kwa sababu ya kima huyu.

Lengo la 15 kati ya Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, linataka viumbe walio hatarini wasitoweke. Kima punju ni miongoni mwao. Asili yake ni Unguja na visiwa vidogo vya jirani tu. Wale wa msitu wa Ngezi, Pemba, walipelekwa huko na watu. Kinachommaliza ni kukatwa misitu, uwindaji na magari yaendayo kasi barabara ya Jozani.