Je, wajua? Namna polisi wa Marekani wanavyomtafuta mwenye bunduki

Kwenye filamu kazi hii haimalizi hata dakika. Mpelelezi anaokota bastola kwa ncha ya kalamu, anasoma namba iliyochongwa ubavuni mwake, mwenzake anaibonyeza kwenye kompyuta, na papo hapo jina na anwani ya mwenye silaha vinajitokeza kwenye skrini. Watazamaji wanaridhika. Tena si watazamaji tu: katika mjadala wa sheria za bunduki Marekani, watu wa pande zote mbili huzungumza mara nyingi kana kwamba kompyuta hiyo ipo mahali fulani.

Haipo. Serikali ya shirikisho ya Marekani haina orodha ya nani anamiliki bunduki gani, na sheria ya mwaka 1986 inaikataza kuitengeneza. Makadirio ya 2018 ya Small Arms Survey, taasisi ya utafiti wa silaha, yalisema raia wa nchi hiyo wana bunduki milioni 393, nyingi kuliko idadi ya watu wake. Mwenye mojawapo akitafutwa, hutafutwa kwa kupiga simu na kupekua makaratasi.

Hapo wengi husema: ngoja kwanza, si mnunuzi huchunguzwa dukani? Huchunguzwa, na dhana potofu inaota mizizi papo hapo. Tangu Novemba 1998 muuzaji mwenye leseni hupeleka jina la mnunuzi kwenye mfumo wa FBI, shirika la upelelezi la shirikisho, nao huangalia kama amewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, kama kuna amri ya mahakama inayomzuia kumsogelea mwenza wake, na mambo ya namna hiyo. Swali linaloulizwa pale ni moja tu: mtu huyu anaruhusiwa kununua? Namba ya bunduki haipelekwi kabisa. Na mnunuzi akishapitishwa, FBI inatakiwa kufuta taarifa zinazomtambulisha ndani ya saa 24. Mfumo ambao watu wanadhani unajaza orodha, kumbe sheria imeuagiza usahau.

Zipo silaha chache zinazosajiliwa kitaifa tangu sheria ya 1934, kama bunduki za rashasha na vifaa vya kupunguza mlio. Bastola ya kawaida, ile inayotumika katika mauaji mengi ya bunduki, haimo. Majimbo nayo yana taratibu zake: Hawaii inasajili bunduki, California inahifadhi rekodi za mauzo. Kwa hiyo wapelelezi wa filamu za Los Angeles angalau wana cha kujitetea. Wengine hawana.

Sasa kazi yenyewe. Polisi wakikamata bunduki iliyotumika kwenye uhalifu, hupeleka namba yake, jina la kiwanda na aina ya silaha kwa ATF, shirika la serikali linalosimamia mambo ya silaha na vilipuzi. Kituo chake cha ufuatiliaji kiko Martinsburg, mji mdogo wa West Virginia. Mtumishi wa pale anaanzia kiwandani: bunduki yenu yenye namba hii mlimuuzia nani? Kiwanda kinamtaja muuzaji wa jumla. Wa jumla anataja duka. Duka linafungua daftari la mauzo, kisha linatafuta Fomu 4473, karatasi ambayo mnunuzi aliijaza na kuitia saini mwenyewe. Msako wa dharura unaweza kukamilika ndani ya saa 24. Wa kawaida huchukua siku kadhaa.

Duka likiwa limeshafungwa, mambo yanakuwa ya ajabu zaidi. Sheria inalitaka lipeleke makaratasi yake Martinsburg, na hufika kwa mamilioni kila mwezi. Maboksi yamewahi kuzidi kiasi kwamba makontena yaliwekwa kwenye maegesho ya magari ili yapate pa kukaa. Watumishi wanayapiga picha moja moja. Ni kama mtu aliyepiga kwa simu picha za kurasa zote za daftari lake: anaona kila neno, anaweza kukuza mwandiko mpaka nukta ya mwisho, lakini picha hizo haziwezi kumwambia jina fulani liko ukurasa wa ngapi. Atabaki kufunua moja, nyingine, na nyingine. Simu za leo zina uwezo wa kusoma maandishi yaliyomo kwenye picha. Martinsburg uwezo huo hautumiki, kwa makusudi kabisa. Picha zile zikitafutika kwa jina zitakuwa ndiyo orodha ya wamiliki iliyokatazwa mwaka 1986, orodha ambayo wapinzani wake wanahofia kwamba siku moja itatumika kuwanyang'anya watu silaha zao.

Namna hii ya kutafuta ina umri mkubwa. Rais Kennedy alipouawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963, bunduki iliyookotwa ilikuwa na namba C2766. FBI walikwenda kwa mwagizaji wake New York, wakaelekezwa kwa duka la Klein's la Chicago, na wafanyakazi wa duka wakakesha wakipitia mikrofilamu, yaani picha ndogo za makaratasi, za oda. Kabla ya kupambazuka walikuwa wameiona: kuponi ya jaridani, jina la bandia A. Hidell, sanduku la posta la Dallas. Sheria ya 1968 ilizuia watu wa kawaida kuagiza bunduki kwa posta kutoka jimbo jingine, ikalazimisha kila bunduki mpya iwe na namba na wauzaji watunze rekodi za wanunuzi. Rais Johnson, aliyemrithi Kennedy, alitaka pia usajili wa kitaifa. Hakuupata.

Ukisoma haya ni rahisi kudhani kwamba dawa ni kompyuta. Mimi naona makaratasi yanavuta macho kupita kiasi. Hata msako ukienda vizuri, unaishia kwa mnunuzi wa kwanza. Yeye akimuuzia jirani yake, sheria ya shirikisho haimdai mtu binafsi asiyefanya biashara ya silaha amchunguze jirani huyo wala aandike popote. Duka likiibiwa bunduki lina saa 48 za kutoa taarifa. Mwenye nyumba akiibiwa, sheria hiyohiyo haimtaki aseme lolote. Basi mtu anayenunua kwa niaba ya mwenye rekodi ya uhalifu akija kuulizwa, ana majibu mawili mazuri: niliiuza, simkumbuki aliyenunua, au iliibwa. Kumkanusha ni kazi ngumu.

Ndiyo maana madai mawili ya wanaotetea sheria kali zaidi, ambayo hayana mvuto wa kwenye mabango, yana uzito kuliko yanavyoonekana: kila mauzo yapitie kwa muuzaji mwenye leseni, na kila wizi wa bunduki utolewe taarifa. Hayahitaji orodha ya kitaifa. Kila mauzo yanaacha Fomu 4473 mpya dukani, na majibu yale mawili yanaanza kumgharimu anayeyatoa. Baadhi ya majimbo tayari yana sheria hizi. Bunge la Marekani lilipiga hatua moja Juni 2022 lilipofanya kumnunulia silaha mtu asiyeruhusiwa kuwa kosa la shirikisho linalojitegemea. Kabla ya hapo mshtakiwa alibanwa zaidi kwa uongo alioandika kwenye fomu.

Je, rekodi peke yake hupunguza mauaji? Hapa inabidi kwenda polepole. Tafiti za Chuo Kikuu cha Johns Hopkins zimehusisha sheria ya jimbo la Connecticut ya 1995 na kupungua kwa mauaji ya bunduki, lakini sheria ile inamtaka mnunuzi wa bastola apate kibali kwanza, na kutenganisha nguvu ya kibali na nguvu ya kumbukumbu si rahisi. Utafiti wenyewe ulidorora kwa miaka mingi: kuanzia 1996 Bunge liliibana CDC, shirika la serikali la afya ya umma, kiasi kwamba iliacha karibu kabisa kugusa suala la bunduki, na fedha maalumu, dola milioni 25, zilirudi katika bajeti ya 2020. Tena zaidi ya nusu ya watu 46,728 waliokufa kwa bunduki Marekani mwaka 2023 walijiua, na kwa vifo hivyo kumsaka mnunuzi hakuongezi kitu. Kwa upande huo ushahidi wenye nguvu uko kwenye sheria za kufungia silaha zisifikiwe na watoto.

Na zipo bunduki ambazo Martinsburg hawana hata pa kuanzia: zinazounganishwa nyumbani kutoka vipande vya kununua, bila namba yoyote. Kanuni ya ATF ya 2022 inataka vifurushi vya vipande hivyo viwe na namba na viuzwe kama bunduki nyingine. Machi 2025 Mahakama ya Juu iliikubali kwa majaji saba dhidi ya wawili. Namba hizo nazo zinaingia kwenye daftari lilelile la dukani, na duka likifungwa zitapigwa picha.