Dripu Haimlishi Mgonjwa Aliye Kwenye Mashine

"Si amewekewa maji? Basi anakula." Kauli hii huisikia mno kwa jamaa wanaosubiri nje ya wodi za wagonjwa mahututi hapa Nairobi, na wakati mwingine huisikia hata kwa watu wenye elimu ya kutosha kuweza kusoma kibandiko cha chupa.

Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 hayana kalori hata moja. Yale ya glukosi ya asilimia 5 yana gramu 50 za sukari kwa lita, yaani kilokalori zisizozidi 200, na protini hayana kabisa. Mgonjwa wa kilo 60 aliye kwenye mashine ya kupumulia, hali yake ikishatulia, huhitaji takriban kilokalori 1,500 na gramu 78 hivi za protini kwa siku. Akiingiziwa lita 2 za glukosi hiyo kutwa kucha, atakuwa hajafikia hata theluthi ya nguvu anayohitaji.

Wapo wanaojibu kwamba mtu aliyelazwa usingizi kwa dawa hafanyi kazi yoyote, kwa hiyo hana anachotumia. Dhana hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu wakati huo huo mwili wake unapambana na maambukizi na homa, na unavunjavunja misuli yake wenyewe ili kupata malighafi ya kupambana. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 ulipima msuli wa paja wa wagonjwa mahututi kwa ultrasaundi, ukakuta umepungua kwa karibu asilimia 18 katika siku 10. Kiwambo, ambacho ndicho msuli mkuu wa kupumulia, nacho hudhoofika, na bila nguvu zake mgonjwa hawezi kuachana na mashine. Chakula peke yake hakizuii upotevu huo, lakini njaa huuzidisha. Ndiyo maana miongozo inataka mgonjwa asiyeweza kula aanze kulishwa kwa mrija unaofika tumboni ndani ya saa 48, mradi shinikizo lake la damu limedhibitiwa.

Jamaa wa mgonjwa, usiishie kuuliza kama amekula. Uliza jana aliagiziwa mililita ngapi za chakula cha mrija na zilizoingia ni ngapi. Pampu ya kulishia husimamishwa kwa ajili ya upasuaji, kwa ajili ya picha au kwa ajili ya kumtoa mrija wa hewa, kisha kazi inapoahirishwa hakuna anayekumbuka kuiwasha. Swali lako laweza kuiwasha.

Kuna pia wanaoamini kwamba kadiri anavyoshindiliwa ndivyo atakavyopona haraka. La hasha. Utafiti wa Australia na New Zealand wa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa karibu 4,000, haukuona tofauti ya vifo baada ya siku 90 kati ya waliopewa nguvu nyingi na waliopewa za kawaida. Kalori zikizidi, mwili huzalisha kaboni dioksaidi ya ziada ambayo mapafu dhaifu hayana budi kuitoa, na aliyekuwa na njaa ya muda mrefu akilishwa kwa pupa, madini ya fosfati katika damu yake huporomoka hadi kuhatarisha moyo. Tunapandisha kidogo kidogo, kwa siku kadhaa, huku tukihesabu hata mafuta yaliyomo katika dawa ya usingizi ya propofoli, ambayo ina kilokalori 1.1 kwa kila mililita.

Supu ya mifupa inayoletwa kwenye thermosi huletwa kwa mapenzi, nami nayaheshimu, ila protini yake ni haba, haipimiki, na mafuta yake huziba mrija. Mwachieni aipate atakapoweza kumeza.

Kwa wenzangu wa wodini: kungoja tumbo lingurume kabla ya kuanza kulisha hakuna msingi, kwani sauti za utumbo hazionyeshi kama utumbo unafyonza chakula. Mabaki ya tumboni yasiyofika mililita 500 kwa saa 6 nayo si sababu ya kusimamisha pampu. Inueni kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45, kisha mwanze kulisha.