Kughushi si kupanga

Wiki iliyopita nilikuwa kwa kinyozi hapa Tabora, televisheni inaonyesha chui akimnyatia swala. Kijana aliyekuwa akisubiri zamu akasema, "Hizo zote za kughushi, wanawapangia." Wenzake wakaitikia. Mimi nilikuwa na wembe shingoni, nikanyamaza.

Kughushi ni kutia kisichokuwa chenyewe ndani ya chenyewe, kisha kukitoa kwa jina lilelile. Basi. Siku hizi tunalisikia zaidi mahakamani, kwenye vyeti na mihuri, lakini asili yake ni Kiarabu, ghashsha, na makazi yake ya zamani ni sokoni. Wengi wanaijua hadithi ya Mtume aliyetia mkono kwenye rundo la chakula, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa: mbona hukukiweka kilicholowa juu, watu wakione? Tazama hapo. Kulowa hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kukiweka chini.

Mwenzake wa upande wa pili ni halisi, nalo limetoka Kiarabu, kisichochanganywa. Limo katika Sura ya Nyuki ya Kurani, ingawa pale linasifu maziwa. Asali inakuja aya chache mbele. Sisi wa Tabora tunaliona kwenye chupa za asali. Sasa, mzinga hauoti mtini. Mtu kachonga gogo, kalipandisha, kaja usiku na moshi, kakata masega, kachuja. Mkono wa mtu umo mwanzo mpaka mwisho, na asali ni halisi. Ukimiminia sukari iliyochemshwa, umeghushi, hata kama mzinga ulikuwa wa babu yako.

Filamu ya hali halisi ni vivyo hivyo. Kupanga ni kuchagua pa kutega kamera, au kumweka mnyama mahali utakapomwona. Kuigiza, kutoka kuiga, ni kurudia lililokwisha kutokea. Yote mawili yana maswali yake, hasa mnyama akiteseka, lakini hayajawa kughushi. Pale Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, sokwe walipewa ndizi kambini miaka ya 1960, na mtengeneza filamu Hugo van Lawick akawapiga picha. Ndizi ziliwakusanya na kuwagombanisha kuliko kawaida yao. Lakini Jane Goodall, mtafiti wa sokwe hao, aliziandika waziwazi. Kilicholowa kiliwekwa juu.

Ghushi yenyewe ni White Wilderness, filamu ya Disney ya mwaka 1958. Ilionyesha lemingi, vipanya vya nchi za baridi, wakijirusha majini kwa makundi kana kwamba wamechoka kuishi. Ilipigwa Alberta, Kanada, mahali pasipo na bahari. Wanyama walinunuliwa mkoa mwingine, wakazungushwa kwenye meza ili waonekane wengi, wakasukumwa mtoni. Lemingi hawajiui. Filamu ikapewa Oscar, na uongo ule watu wanausimulia mpaka leo kama methali. Televisheni ya Kanada iliufichua mwaka 1982.

Kati ya hizo mbili kuna dubu wa BBC. Mwaka 2011, katika kipindi chao cha Frozen Planet, watazamaji waliona vitoto vya dubu wa barafuni vikiwa pangoni na mama yao. Dubu wa kweli, vitoto vya kweli, ila pango lilijengwa katika bustani ya wanyama Ulaya. Waandaaji walilieleza hilo kwenye tovuti yao. Msimulizi hakulisema, na picha za kabla na baada zilikuwa za theluji ya porini. Kumpiga picha dubu mzazi porini ni kumhatarisha yeye na wanawe, kwa hiyo kwa pango siwalaumu. Nawalaumu kwa lebo ya chupa.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa pale kwa kinyozi, yule chui sema labda wamempangia, kisha sikiliza msimulizi anasemaje. Ile ya lemingi iite ghushi kwa sauti yote, hata mimi nikiwa na wembe shingoni nitaitikia.