Oksijeni ya mimea angani ni mkopo

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kuchunguza mimea ya kuwatunzia wanaanga uhai, swali la kwanza huwa watakula nini. Mimi huanza na pumzi. Mtu mmoja hutumia takriban kilo 0.84 za oksijeni kwa siku na kutoa takriban kilo 1 ya kaboni dioksidi. Mmea uliopata mwanga wa kutosha hufanya kinyume, na maji unayoyafyonza kwa mizizi huyatoa majanini yakiwa mvuke safi, ambao ukipozwa hurudi kuwa maji ya kunywa.

Hata hivyo, oksijeni hiyo ni mkopo. Katika chumba changu cha majaribio, kilichozibwa kabisa, kipimo cha kaboni dioksidi hushuka muda wote taa zinapowaka, na zikizimwa tu huanza kupanda, kwa kuwa ngano nayo inapumua. Deni kubwa zaidi huja baada ya mavuno. Punje tunazila, lakini mabua, makapi na mizizi, ambayo ni karibu nusu ya mmea, yakiozeshwa ili madini yake yarudi kwa mimea mingine, vijidudu hutumia oksijeni ileile iliyotolewa mmea ulipokuwa ukikua. Yakirundikwa kando, madini na kaboni hukwama humo.

Jengo la Biosphere 2 huko Arizona, Marekani, lilionyesha jambo hili kwa uchungu. Watu 8 walijifungia humo mwaka 1991 pamoja na mashamba na msitu, na katika miezi 16 hivi oksijeni ikashuka kutoka asilimia 20.9 hadi karibu 14.5, mpaka ikabidi iongezwe kutoka nje. Vijidudu vya udongo uliojaa mboji vilipumua kuliko mimea ilivyoweza kufidia, na sehemu kubwa ya kaboni dioksidi yao ikafyonzwa na zege, mimea isiipate.

Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambako wanaanga walikula saladi waliyoivuna humo mwaka 2015, kikwazo ni maji: hayatiririki kwenda chini, bali huigandamia mizizi na kuinyima hewa. Ndiyo maana mbegu hupandwa katika vifuko vyenye chembe za udongo wa mfinyanzi uliochomwa, zinazoacha nafasi za hewa kati yake. Mboga chache namna hiyo haziwezi kumpatia mtu pumzi. Thamani yake ni vitamini, hasa C, ambayo hupungua katika chakula kilichofungashwa kadiri kinavyokaa.

Kwa safari ya Mars naitumainia zaidi ngano fupi kama Apogee, iliyozalishwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah na yenye kimo cha nusu mita tu, kwa kuwa hutuachia mabua machache ya kuozesha.