Kisado, kilo na "wa buku": mapatano ya sokoni na mahali yanapovunjika

Malalamiko ya kupunjwa yanayotufikia sisi wakaguzi wa vipimo kutoka masoko ya Mwanza, hasa ya dagaa na nafaka, mengi yana sura moja. Mnunuzi anasema ameibiwa, muuzaji anasema walielewana. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa jinsi alivyoelewa. Kwa hiyo tunaanza na maelewano yenyewe, sheria itafuata.

Mteja wa soko la Kirumba Mwaloni anaposema "nipe dagaa wa buku", yaani wa shilingi elfu moja, hajataja uzito wala ujazo. Kiasi kinaamuliwa papo hapo kwa mikono na macho: muuzaji anachota, mteja anamtazama bila kutoa hela, muuzaji anaongeza kiganja, mteja anafungua mfuko. Wakishazoeana hawana haja ya kutazamana tena, kwa sababu "wa buku" imekwisha kuwa kiasi wanachokijua wote wawili. Kibaba na pishi, vipimo vya zamani vya nafaka, viliishi hivyo hivyo vizazi kwa vizazi. Vibaba vinne vilikuwa pishi moja, lakini ilibidi itajwe kama ni pishi ya mfuto, yaani usawa wa mdomo, au ya kujaza hadi kichwa, yaani lundo linalopanda juu ya mdomo. Wazee walijua kwamba chombo peke yake si kipimo. Namna ya kukijaza nayo ni sehemu ya mapatano.

Sehemu hiyo ndiyo inayosahaulika leo. Chukua ndoo ya lita 20 yenye mdomo wa sentimita 30. Ikiwekwa kichwa cha sentimita 7, kichwa hicho kina lita 1.6 hivi, na kwa mahindi makavu hiyo ni zaidi ya kilo moja. Kisado cha lita 4 chenye mdomo wa sentimita 18, kikiwekwa kichwa cha sentimita 5, kinabeba ziada ya lita 0.4, yaani sehemu ya kumi ya chombo kizima. Ndiyo sababu visado vitano vyenye vichwa vinazidi ndoo moja yenye kichwa, ingawa kwa mfuto ni sawasawa. Chombo chembamba na kirefu chenye ujazo uleule kinabeba kichwa kidogo zaidi. Chombo kilichobonyezwa kitako kuingia ndani kinapunguza mzigo bila kuonekana kwa juu. Nafaka iliyomiminwa bila kukung'utwa inaacha hewa katikati. Muuzaji anaweza kubadilisha lolote kati ya haya huku neno "kisado" likibaki lilelile.

Na hubadilika. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikifika, mavuno hupungua. Wauzaji wengi hawapandishi bei ya kisado, wanashusha kichwa. Mteja wa kila siku analiona hilo na kulikubali, maana anajua mwezi umefikia wapi. Anayetoka Shinyanga au ng'ambo ya mpaka halijui, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

"Tumekubaliana wenyewe, serikali inaingiliaje?" Swali hili tunaulizwa kila tunapofika mnadani kuzungumzia lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kuongezwa kilemba juu, na jibu halijabadilika: makubaliano ya watu wawili hayaondoi kosa. Mkulima hukubali gunia lenye kilemba kwa sababu siku hiyo lori ni moja na mnunuzi ni mmoja. Huko si kuelewana. Tena gunia hilo haliishii kwa hao wawili. Linabebwa na kuli ambaye hakuulizwa, linatozwa ushuru kama gunia moja, kisha linafunguliwa na kuuzwa kwa kilo. Mazao ya shamba hayatakiwi kufungashwa kwa zaidi ya kilo 100. Chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, anayekiri kosa hutozwa faini kuanzia shilingi 100,000 hadi 20,000,000. Akifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani, faini ni kuanzia shilingi 300,000 hadi 50,000,000, au kifungo, au vyote viwili.

Mizani inayotumika kibiashara huhakikiwa angalau mara moja kwa mwaka. Mkaguzi huangalia kwanza kama inasimama kwenye sifuri ikiwa tupu, kisha huipakia mawe ya kipimo sanifu kidogo kidogo hadi karibu na mwisho wa uwezo wake, na kuyahamisha kutoka katikati ya sahani hadi pembeni. Iliyofaulu hupigwa muhuri na kubandikwa stika. Iliyofeli haitumiki hadi itengenezwe na fundi mwenye leseni na kuhakikiwa upya. Stika ya mwaka jana si ruhusa ya mwaka huu. Tunaomba wafanyabiashara wasituambie kwamba mizani "bado mpya".

Mnunuzi naye anaweza kuijaribu mwenyewe. Lita moja ya maji ni kilo moja: weka chupa tupu, soma, ijaze lita kamili, soma tena. Tofauti iwe kilo moja. Mizani ya sahani mbili ikishalingana, badilisha mzigo na mawe upande; ikilalia upande mmoja, mikono yake haiko sawa. Ya kuning'iniza isiguse meza wala mkono wa mtu.

Hata hivyo mizani nayo haisemi kila kitu, na tungependa hili lieleweke vizuri kuliko lilivyo sasa. Kwa kisado, dagaa wakavu na wazima huchukua nafasi kubwa, hivyo anayepata uzito zaidi ni mnunuzi wa dagaa waliovunjika. Kwa kilo mambo hugeuka: unyevu na mchanga humlipa muuzaji. Dagaa walioanikwa chini mchangani huingia sahanini na mchanga wao, wa chanjani hawana. Basi ukinunua, taja mambo matatu kabla ya bei: kipimo gani, kimejazwaje, na mzigo una hali gani. "Kilo tano, wakavu, wa chanja." Msubiri muuzaji ayarudie kwa mdomo wake.

Ukiona umepunjwa, usihame pale kibandani. Omba upimiwe tena mbele ya kiongozi wa soko, andika saa, namba ya kibanda na bei mliyotaja, kisha upeleke mzigo kama ulivyofungwa kwenye ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa. Mzigo uliokwisha kufunguliwa nyumbani na kuchanganywa na mwingine hauwezi kuthibitisha chochote.