Kioo kirefu sio dawa ya upepo

Miaka yote tunaambiana kioo cha mbele cha pikipiki kikiwa kirefu ndo upepo unaisha, hata mi niliamini mpaka siku natoka Dodoma kwenda Singida, kufika Manyoni helmeti inatikisika kama debe tupu. Upepo haufi jamani, unapanda kioo halafu unajikunja kwa nyuma, ule mkunjo ukikupata kichwani ndo kelele na shingo kuuma. Kaa kwenye siti unavyoendeshaga, ncha ya juu iishie usawa wa pua hivi, macho yapite juu yake. Ukilazimika kuangalia kupitia kioo, mvua ya usiku ikikukuta huoni kitu, hakina waipa kile. Changu nilikipunguza sentimita 5 tu, shingo ikatulia.